Dodoso Alilokusanya Bosi

Nilipopangiwa kazi ya afisa mifugo huku pembezoni, upande wa Temeke, aliyenipokea ni mama mmoja mkaguzi wa nyama, aliyebakiza miaka michache kustaafu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchana tezi za ng'ombe bila papara. Buti alijinunulia mwenyewe. Glavu, ambazo ni za kutumia mara moja, tulizifua na kuzianika dirishani.

Asubuhi moja machinjioni alipasua mapafu ya dume kubwa, akasimamisha kisu. Akaniita nione vinundu vya manjano, vigumu, vinavyokwaruza kisu. Vilikuwa vimejaa hadi kwenye tezi za tumbo.

"Kifua kikuu," alimwambia mwenye ng'ombe. "Huyu anazikwa, nyama yote."

Yule mfanyabiashara hakubishana. Alisogea pembeni akapiga simu. Muda si mrefu simu ya mama ikaita. Aliyepiga ni mkuu wetu wa kitengo, na sauti yake niliisikia nilipokuwa nimesimama.

"Shikamoo mama. Toa mapafu, nyama iliyobaki gonga mhuri. Tusiumizane."

"Marahaba, mwanangu. Mhuri upo hapa. Njoo ugonge wewe."

Hakuja. Tulimwagia nyama dizeli, ikazikwa.

Jumatatu mama aliondolewa machinjioni, akapewa meza karibu na choo, isiyo na faili hata moja. Wenzetu wakaacha kukaa naye wakati wa chai. Mimi pia. Nilichukua chapati yangu nikaila nje, kwenye jua. Sikuwa na neno naye. Niliogopa uhamisho, na mke wangu ndiyo kwanza alikuwa amejifungua.

Baadaye akaja mwanafunzi wa chuo na madodoso, akitaka kujua tunaionaje hali ya kazini kwetu. Alituahidi siri. Alipotoka tu, bosi akasema, "Yote nitakusanya mie. Tusimsumbue mgeni." Ukurasa wa kwanza uliuliza cheo chako na miaka uliyofanya kazi. Hapo hata asiyesoma angejua nani kaandika nini.

Palikuwa na swali kama unaweza kutoa maoni yako kazini bila hofu. Nikaweka tiki kwenye "Nakubali kabisa". Nikatazama karatasi ya jirani yangu, naye kaweka hapohapo.

Mama aliandika karatasi yake pande zote mbili, akampa bosi bila kuikunja. Bosi aliisoma amesimama, akaitia kwenye bahasha ya peke yake. Sijui kama ilimfikia yule mwanafunzi.

Barua ya uhamisho wa mama ilitoka kabla mwezi haujaisha. Alipelekwa mbali, na mumewe mgonjwa akabaki Kipawa na binti yao. Nilimbebea mfuko mpaka getini.

"Mama, nisamehe," nilisema.

"Una mtoto mchanga, naelewa." Akauchukua mfuko mkononi mwangu. "Ila mtoto huyo atakula nyama ya hukuhuku."

Mhuri nikakabidhiwa mimi. Wiki ya tatu nilipasua mapafu nikakuta vinundu vilevile. Kabla sijanawa simu ikaita, na bosi hakuhitaji kueleza mengi. Niliyatoa mapafu nikayatupa shimoni. Nikagonga mhuri kwenye paja, nikagonga begani, kisha nikasimama kutazama pikipiki ikiondoka na nyama ile kwenda buchani.