Nilivyomtembeza Mwalimu Mjini Meru

Alishuka kwenye basi la Embu akiwa amevaa koti. Ilikuwa Februari, jua limechoma lami mpaka inanata kwenye soli za viatu, na mwanamume niliyemngoja wiki tatu anasimama pale steji amefunga vifungo vyote vitatu kama mtu anayekwenda kuapishwa.

"Hii ndiyo Meru uliniandikia ati iko na baridi?" akaniuliza.

"Nilikuandikia Julai, mwalimu. Toa koti."

"Siwezi toa. Shati nimepiga pasi kola peke yake."

Nilicheka mpaka wauza ndizi wakageuka kututazama. Nilikicheka kile kicheko chote, sikubakiza, na mpaka leo nashukuru kwamba angalau hicho nilikipata.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa kupiga chapa katika ofisi ya serikali. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimehamishiwa Embu kwa muda, na huko ndiko nilikokutana na mwalimu. Alikuwa akifundisha shule ya msingi karibu na Karurumo, ila kwao hasa ni Tharaka. Niliporudishwa Meru tukaandikiana barua, na katika barua ya mwisho tukakubaliana kwamba aje aonwe na baba yangu. Miadi ilikuwa saa tisa alasiri. Nilimtaka baba amkubali, basi. Sikuwa na ombi lingine kwa Mungu mwaka ule.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, na wanaume wawili walikuwa wameshashindwa mbele yake. Wa kwanza alikuja akinuka pombe. Wa pili alikuja msafi, kanyooka, ila alipoulizwa ukoo wao akasema hana hakika. Baba akamwambia arudi kwao akamwulize mama yake. Hakurudi tena, na sijui kama alimwuliza. Kwa hiyo huyu wa tatu niliapa kumfundisha kabla hajafika mlangoni. Tulikuwa na saa tano. Ningemtembeza mjini kwetu na papo hapo nimfanyishe mazoezi.

Tulianzia sokoni Gakoromone. Alishika maharagwe ya kila gunia, akauliza bei kama anayenunua, akaishia kutukanwa kwa Kimeru na mama mmoja ambaye hakujua kwamba Mtharaka anamsikia vizuri kabisa. Yeye alicheka tu. Jasho lilikuwa limeanza kumtiririka kutoka kwenye nywele. Nilimwonyesha jengo la ofisi yetu, dirisha langu la pili kutoka kushoto, akasimama kulitazama muda mrefu mpaka nikaona haya. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilitaka kila mtu anayenijua apite njia ile.

Tulipofika karibu na makumbusho, kwenye ukuta wa mawe wenye kivuli kidogo, nikamsimamisha.

"Sasa mimi ni baba," nikamwambia. "Kwanza atakuuliza mmeamkaje. Kisha mvua. Kisha ukoo. Kwa ukoo usiseme polepole kama mtu anaomba radhi. Taja ukoo, taja babu yako, taja mahali mlitoka. Haya."

Akanyoosha koti, akakohoa, akasema. Alisema vizuri, kwa sauti ya mwalimu wa zamu, ukoo, babu, na kijiji kilicho ng'ambo ya Mto Kathita kule chini kwenye joto.

Nilimwambia arudie. Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza.

Kwetu kuna jambo linaloitwa gichiaro. Zamani ambazo hakuna anayezijua, watu wa ukoo wetu na watu wa ukoo ule alioutaja walikula kiapo wakawa ndugu. Tangu hapo mtu wao akiingia shambani kwetu akakata mkungu wa ndizi bila kuuliza, hakuna wa kumkemea. Humnyimi kitu. Humdanganyi. Humwagi damu yake. Wala huolewi naye, kwa sababu ni kaka yako. Nilikua nikilisikia jambo hilo jinsi nilivyosikia sala ya chakula. Bibi yangu alikuwa akitutajia ndugu zetu wa kiapo mmoja mmoja jioni tukimenya viazi, na ukoo wa mwalimu ulikuwa wa kwanza katika orodha yake.

Tulikuwa na mwaka mzima wa kuulizana. Kule Embu tuliulizana kila kitu, chakula, dini, vitabu, idadi ya watoto. Ukoo hatukuulizana kwa sababu tulikuwa watu wa magazeti, na mambo ya ukoo tuliyaona ni ya wazee wanaonusa tumbaku. Nilikumbuka swali la ukoo pale tu nilipotaka ajibu vizuri. Nikiifikiria akili yangu ya siku hizo natamani kuizaba kofi.

"Nimepita?" akaniuliza.

"Umepita."

"Na nyinyi ni ukoo gani?"

"Baba atakuambia mwenyewe," nikasema, na yeye akadhani hiyo ni heshima ya kwetu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Saa zilizobaki nilimtembeza. Sijui ningefanya nini kingine. Tuliingia makumbusho kwa sababu ndani kuna ubaridi, tukatazama mizinga ya nyuki na ngao, naye akanieleza mimi, mwenyeji, jinsi babu yake alivyokuwa akipandisha mizinga juu ya miti. Nikaitikia. Tulikwenda studio ya picha akataka tupigwe pamoja. Mpiga picha alinikemea mara tatu nitabasamu, halafu akachoka akapiga hivyo hivyo. Picha ilikuwa iwe tayari Jumatano. Sikwenda kuichukua.

Saa saba jua likawa halivumiliki. Tukaingia hoteli moja, tukaagiza soda, zikaja moto kama zimeanikwa. Hapo ndipo alipolivua koti hatimaye, na kweli lile shati lilikuwa limekunjamana lote isipokuwa kola. Mgongo ulikuwa umelowa. Nilimtazama yule mtu na mikunjo yake nikahisi nampenda kupita kiasi, na wakati huohuo nikahisi sina ruhusa ya kumtazama hivyo.

Nilikuwa na hila moja. Ningeweza kumwambia ataje ukoo mwingine. Baba asingejua, Tharaka ni mbali, na mababu wote wa mwalimu walikuwa wamekwishakufa. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni nikiwa nimeshika chupa. Lakini nilijua yanayosemwa juu ya anayemdanganya mtu wa gichiaro: nyumba isiyo na mtoto, au mtoto anayezaliwa haoni. Sikuyaamini. Nilikuwa nimesoma, nimebatizwa, nina cheti cha kupiga chapa maneno arobaini kwa dakika. Sikuyaamini na niliyaogopa, na hofu ndiyo iliyoshinda. Ningemwambia basi ule ukweli, apande basi arudi zake? Hilo pia sikuliweza. Nilimnunulia mandazi.

"Umenyamaza sana," akasema. "Unaogopa mzee?"

"Ni jua tu."

Tuliteremka kwenda nyumbani saa nane na nusu. Njiani alikuwa akirudia majibu yake chini kwa chini, na mimi nilitembea mbele nusu hatua asione uso wangu. Nilikuwa nikitumaini, kama kuna kitu cha kuitwa tumaini, kwamba baba atakuwa amesahau. Alikuwa mzee wa kanisa, na kanisani walikuwa wakihubiri kila mwaka dhidi ya viapo vya zamani.

Baba alikuwa amekaa uani, mama yuko jikoni. Mambo yakaenda kama nilivyoyapanga. Mmeamkaje. Mvua kwenu. Kisha baba akainamisha kichwa upande na kumwuliza ukoo.

Mwalimu akasimama wima, akajibu kama nilivyomfundisha.

Baba akainuka kitini. Sijawahi kumwona baba akiinuka kwa ajili ya kijana. Alimshika mwalimu mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Mbona hukuniambia umeniletea mtoto?" akaniuliza kwa Kimeru. Akamgeukia mwalimu akamtajia ukoo wetu. "Uko kwenu. Hapa hakuna mlango wa kufungiwa wewe. Mama wee! Njoo umwone mtoto wako!"

Mwalimu alinitazama. Alielewa palepale, Mtharaka yeyote angeelewa. Aliona pia kwamba mimi nilikuwa najua tangu asubuhi, na hilo nadhani lilimuumiza zaidi ya lile la kwanza. Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau: akamjibu baba kwa heshima zote zinazompasa ndugu wa kiapo, neno kwa neno, bila kukosea. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama mgeni, akanitazama mimi mara moja tu, akarudi ndani.

Baba alichinja jogoo aliyekuwa anamtunzia askofu. Mwalimu aliwekewa mukimo sahani mbili, akafungiwa asali, akapewa mkungu wa ndizi ambao ilibidi abebewe mpaka steji. Baba alikuwa akiniita kila mara: mletee kaka yako maji, mwongezee kaka yako nyama. Mwalimu alikula yote. Mtu wa gichiaro akipewa hakatai.

Wanaume wawili baba aliwafukuza, na huyu wa tatu akampenda kuliko sisi aliotuzaa.

Nilimsindikiza mpaka steji. "Ungeniambia pale kwa ukuta," alisema. Nikamwambia nilitaka siku iishe kwanza. Akasema, "Sawa," akapanda, na utingo wa basi akasukuma mkungu chini ya kiti. Barua hazikuandikwa tena, zangu wala zake. Lakini baba alimwandikia. Kila mwaka alimwandikia kwa mkono wake mwenyewe, na kila Krismasi mwalimu alikuja, akakaa uani na baba, akaniamkia kama anavyoamkiwa dada.

Mwaka wa tano nilipata mtu wa Nkubu, mpole, mwenye ukoo usio na shida. Wazee wao walipokuja na mahari, baba alimtuma mtu mpaka Karurumo amlete mwalimu akae upande wetu. Neno la ndugu wa kiapo lina uzito, baba alisema, na siku kama hiyo haifai aachwe nje. Alikuja. Alikaa kiti cha mkono wa kulia wa baba. Ilipofika wakati wa kuitwa msichana aulizwe mbele ya watu, baba akamwachia yeye heshima hiyo, naye hakuweza kuikataa.

Nilisimama mbele yake.

"Dada," akasema, "hivi vitu vya hawa watu, tupokee?"

Nikamwambia wapokee. Akawageukia wageni, akawaambia kwamba dada yake amekubali.