Mama Grisi, fundi anayefufua rili zilizouawa na chumvi

Saa mbili asubuhi, chumba kilicho nyuma ya klabu ya wavuvi kinanuka grisi na mafuta ya taa. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja ameinamia meza, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Mbele yake, juu ya taulo jeupe, vimetandazwa vipande thelathini na vinane vya rili, ile mashine ambayo mvuvi huizungusha kukunja uzi samaki akinasa.

"Taulo lazima liwe jeupe," anasema bila kuinua kichwa. "Springi ikiangukia jeusi, utaitafuta mpaka uote mvi."

Hapa kila mtu anamwita Mama Grisi. Rili zipatazo sitini hupita mikononi mwake kila mwezi. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akipiga deki chumba hikihiki.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na mmoja. Kiwanda kilipofungwa, alizunguka na bahasha ya vyeti hadi soli zikaisha. Akakubali kazi ya usafi.

Siku moja alikuta kasha la rili zilizokwama, zinangoja kutupwa. Akaizungusha moja. Ikasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Akamwomba nahodha wa mashua ya klabu amruhusu aifungue.

"Mama, hii si cherehani," nahodha akajibu. Watu wakaangua kicheko.

"Iliniuma," anakumbuka. "Lakini nikamwambia, 'Baba, si unaitupa? Basi nitupie mimi.'"

Ndani alikuta chumvi imeganda kama saruji.

"Walikuwa wanazipiga maji ya mpira kwa nguvu, eti wanaziosha. Maji yanasukuma chumvi ndani, halafu wanamwagia mafuta juu yake. Ni kumpaka mtu losheni kabla hajaoga!"

Kwa wiki tatu, kila baada ya kazi, alisugua kipande kimoja kimoja kwa mswaki. Beringi akazipa tone moja moja la mafuta mepesi, gia akazipaka grisi. Visahani vya breki, vinavyomzuia samaki asikimbie na uzi wote, akavikausha kabisa ndipo akavipaka grisi yake maalumu, nyembamba kama pumzi kwenye kioo.

Yakaja mashindano. Siku ya mwisho, mashua ikiwa tayari baharini, rili mpya ya nahodha ikagoma. Iliyobaki mashuani ilikuwa ile ya Mama Grisi, iliyochukuliwa kama akiba tu. Saa nne, jodari akanasa.

"Alivuta kama amefungwa injini," anasimulia nahodha mwenyewe. "Nikajua breki inaungua sasa hivi. Saa moja na dakika arobaini tunavutana, rili haikukohoa hata mara moja."

Jodari alikuwa na kilo tisini na nne. Klabu ikatwaa kombe. Nahodha aliposhuka gatini aliwapita wapiga picha, akamfuata mwanamke mwenye ndoo kwenye ngazi.

"Nikamwambia, 'Dada yangu, nisamehe. Weka ndoo chini, ushike kombe.'"

"Nami nikamjibu asubiri, zimebaki ngazi mbili," Mama Grisi anadakia, na wote wawili wanacheka hadi wanashika mbavu.

Leo kipato chake ni mara tatu ya mshahara wa usafi, na klabu nyingine nne zinamletea rili. Mumewe, ambaye ni mwashi, anamjengea karakana kando ya barabara, yenye dirisha pana upande wa mwanga.

"Miaka ishirini najengea watu," anasema mume. "Hiki ndicho chumba cha kwanza ninachojenga huku napiga mluzi."

Mwezi ujao Mama Grisi atahamia humo pamoja na wenzake wawili wa kiwandani, wasio na kazi tangu kiwanda kifungwe. Ameshawanunulia bisibisi. Kilichobaki ni kibao cha mlangoni.

"Binti yangu ananiuliza, 'Mama, tuandike nini?' Nimemwambia andika FUNDI, kwa herufi kubwa. Atakayetaka kujua fundi wa nini, aingie."