Kisirani cha Pembe

Marcienne wa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hakujua kushangilia kwa adabu. Timu yake ya mpira wa kikapu, Pembe za Mbarara, ikicheza vibaya aliitukana; ikicheza vizuri, jambo la nadra, aliitukana kwa kuchelewa. Wachezaji wa Pembe walilipwa mshahara kwa kazi hiyo, na Marcienne alisema waziwazi, mbele yao, kwamba yeye angewapa mbuzi mshahara huo, maana mbuzi angalau huruka.

Lakini alikwenda. Kila Pembe walipocheza nyumbani, mama huyu mjane, muuza unga wa muhogo, alifunga gunia lake mapema, akashika gari la Kaberebere, kisha la Mbarara, akaketi safu ya mbele kabisa, magoti yake karibu na mstari. Mashabiki wa timu nyingine walimjua kwa kitenge chake cha njano.

"Pembe bila ng'ombe!" walimzomea.

"Na nyie ng'ombe bila kichwa!" akawarudishia, wala hakugeuza shingo.

Mchezo wenyewe aliujua tangu kwao Uvira, Kongo, kwenye uwanja wa udongo wa shule ya masista. Hakuwa mrefu; alikuwa mkorofi. Wasichana waliomkaba walitoka uwanjani wakishika pua, na sista mwenye filimbi akasema ni bahati mbaya. Halafu vita vikamtoa kwao na kumzungusha alikozungushwa, mpaka akawekwa Nakivale. Hakudhani atasikia tena mpira ule ukidunda. Akausikia siku moja karibu na Base Camp, makao makuu ya kambi: kijana mmoja mrefu, Nestor, mtoto wa Wakongo wa papo hapo Kashojwa, alikuwa akirusha peke yake kwenye pete isiyo na wavu. Marcienne akasimama na mzigo wake kichwani.

"Weye, kiwiko yako iko inje kama mulango ya choo," akamwambia. "Rudisha mu ndani."

Nestor alipochukuliwa na Pembe, Marcienne naye akajichukua. Hakuna aliyemwita.

Basi msimu huu Pembe walipigwa na kila aliyetaka kuwapiga. Walishinda mara moja tu, na siku hiyo Marcienne alikuwa amelazwa hospitali ya Base Camp, malaria inamtikisa kama ungo. Watu wakaikumbuka siku hiyo. Kwanza ilikuwa mzaha wa garini: koko, yaani bibi yetu, akiugua, sisi tunashinda. Kisha mzaha ukaacha kuchekesha. Sokoni, Orpa, jirani yake wa meza tangu zamani, alivuta gunia lake pembeni kidogo, akasema ni kwa ajili ya jua. Kesho yake akalivuta tena, na jua lilikuwa palepale. Mama mmoja aliyezoea kununua unga kwa Marcienne alipita amemshika mwanawe mkono, upande wa mbali.

Marcienne aliliona hilo na akalielewa. Mwanamke mzee anayeishi peke yake, leo anaitwa mwenye mikosi, kesho anaitwa kwa jina lile lingine. Kule kwao alishaona nyumba za wanawake wa namna hiyo zikichomwa, na waliozichoma walikuwa majirani waliokopeshana chumvi.

Ilipobaki mechi moja, Déo akaja. Huyu alikuwa kinyozi wa Base Camp, na ndiye aliyejifanya mkuu wa mashabiki wa Pembe upande wa Nakivale. Alikuja amevaa shati la mikono mirefu, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Koko, tuko na neno moja ya kukuambia. Usikasirike."

"Sema tu. Nilisha kasirika mbele ufike."

"Komite ilikaa. Ile mechi ya Jumamosi, tukipigwa, Pembe inashuka daraja. Sasa batu banasema... banasema ubakie ku nyumba."

"Juu ya nini?"

"Koko, weye mwenyewe unajua. Ile siku ulilala ku lopitali, njo siku tulishinda."

"Kumbe njo mimi ninarushaka mpira! Na mushahara yangu iko wapi?"

"Si mimi ninasema. Ni komite."

"Na weye ni nani?"

"Mimi ni prezida."

"Prezida ya nini? Ya batu munane na ngoma yenye kupasuka?" Marcienne aliinuka, mikono yake myeupe kwa unga. "Sawa. Sikuji. Muende nyinyi peke yenu, babapige mpaka mulie. Kisha mukuje hapa muniambie mikosi ilitoka wapi."

Déo aliondoka upesi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi ya saa nzima, na kukubaliwa haraka namna hiyo kulimtia hofu zaidi.

Siku zilizofuata Marcienne aliuza unga kwa wachache waliothubutu, huku amenuna. Hesabu yake ilikuwa fupi. Pembe wakipigwa naye hayupo, jina lake limesafishwa, na kila mmoja wao atameza maneno yake makavu, bila maji. Wakishinda, amekwisha. Basi asubuhi ya Jumamosi, alipokuwa amepiga magoti kando ya kitanda kama alivyofundishwa na masista, aliombea ndugu zake waliobaki Uvira, akaombea mvua, halafu mdomo wake ukaendelea wenyewe:

"Na Pembe, Baba, bapigwe. Nestor akose."

Akasikia alichosema.

Alikuwa amewatukana wale vijana mvua na jua. Aliwaita mbuzi, akawaita magunia, alimwambia kocha wao arudi akachunge. Lakini kumwendea Mungu na kumwomba mkono wa Nestor ukose, hilo lilikuwa jambo jingine. Hilo ndilo hasa walilokuwa wakimsingizia! Wamemkalisha nyumbani ili asiwaloge, na sasa anawaloga, tena kwa sala.

"Washenzi hawa," akasema kwa sauti, akainuka: heri akawatukane usoni kuliko kuwalaani magotini. Alifunga kitenge cha njano. Muhogo aliuacha nje juani bila mtu wa kuulinda.

Alipofika Mbarara mechi ilikuwa imekwisha kuanza. Mlangoni alisimama Umaru, muuza matairi wa mjini, sauti kubwa kuliko zote katika mashabiki wa Mbarara. Mtu huyu na Marcienne walikuwa hawapatani tangu siku ya kwanza. Alisema wakimbizi wamejaza viti, naye Marcienne alisema Umaru hushangilia kama mtu aliyebanwa kidole. Umaru akanyoosha mkono akaziba njia.

"Nyabo, mama, wewe hapana ingia. Déo alisema wewe nakaa kambini."

"Déo si bwana yangu. Toka."

"Kisirani yako, baki nayo huko! Leo sisi nataka kushinda."

"Mwaka muzima mulikuwa munataka nini? Toka mu mulango, weye mutu ya matairi, ama nikupite chini ya mukono kama kuku."

Akampita chini ya mkono. Umaru alibaki ameshika hewa.

Safu ya mbele ilikuwa imejaa, lakini Marcienne alipoketi ikapata nafasi. Watu walisogea kushoto, watu walisogea kulia, mpaka pakawa na benchi tupu pande zote mbili za kitenge kile. Déo alimwona akashika kichwa. Ngoma ikanyamaza. Kuanzia hapo, kila Pembe walipokosa, nyuso ziligeuka kumtazama yeye. Walipopata, ziligeuka vilevile, kuhakikisha. Katika uwanja ule, mtu aliyekuwa akitazama mpira tu bila kitu kingine alikuwa Marcienne.

"Rudi nyuma, gunia weye! Rudi nyuma!" alikuwa akipiga kelele. "Mwenzako iko peke yake kule fasi ya pembeni, ama macho yako uliacha kwa fundi?"

Wakafika mwisho Pembe wakiwa nyuma kwa pointi moja. Nestor akachezewa vibaya chini ya kikapu, filimbi ikalia pamoja na kengele ya mwisho, akapewa mitupo miwili huru, kila mmoja pointi moja. Mmoja ni sare. Yote miwili, Pembe wanabaki daraja lao.

Mtupo wa kwanza uligonga chuma ukatoka. Wa pili haukugonga hata chuma.

Kosa hilo likapewa jina papo hapo. "Kisirani!" Umaru alikuwa wa kwanza. "Ni huyu! Nilimukataza!" Walishuka kutoka safu za nyuma, Wakongo na Waganda pamoja, ambao mwaka mzima hawakuwahi kukubaliana hata juu ya wimbo. Chupa ya maji ikampiga Marcienne begani. Mtu akashika kitenge chake.

Hakukimbia. Alivuka mstari akaingia uwanjani, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Nestor aliyekuwa amesimama na mikono kiunoni, jasho linamtiririka, na kundi zima nyuma ya Marcienne.

"Nestor! Baambie. Mukono ile ni ya nani?"

Kijana akamtazama, akatazama kundi. Ilikuwa rahisi sana. Angesema tu kwamba alihisi kitu, kwamba mkono ulikuwa mzito, na kuanzia kesho hakuna ambaye angemlaumu kwa msimu huu mbaya. Déo mwenyewe alikuwa anamtingishia kichwa: sema, sema.

"Ni yangu," Nestor akasema kwa hasira. "Muache koko. Tangu juma yote ninakosa, hata ku mazoezi. Muulize kocha. Muniache na mimi!"

Akautupa mpira chini kwa nguvu, akaondoka. Kundi likabaki halijui limkamate nani. Aliyeshika kitenge akakiachia. Marcienne hakumshukuru Nestor. Alimpigia kelele mgongoni kwamba mtu mzima hatupi mpira hivyo.

Pembe wakashuka daraja. Déo hakuomba radhi, ila aliacha kujiita prezida, na mashabiki wa Nakivale wakajitafutia timu inayoshinda. Wanunuzi wengine walirudi kwa unga wa Marcienne. Wengine hawajarudi hadi leo, na yule mama bado humpitisha mwanawe upande wa mbali. Orpa aliporudisha gunia lake mahali pake pa zamani, Marcienne alilisukuma mbali kwa mguu.

Sasa Pembe wanacheza kwenye uwanja wa wazi, saruji imepasuka, na timu za huko chini nazo zinawapiga. Umaru huja, husimama ncha moja. Marcienne huketi ncha nyingine, juu ya tofali. Hawasalimiani. Mpira ukipotea, wote wawili humtukana kijana yuleyule kwa wakati mmoja, kisha kila mmoja hugeuza uso, kwa kuudhika kwamba mwenzake naye ameliona kosa lilelile.