Siku Tuliyompiga Picha Baba Mdogo Akiwa Maiti

Wakati Waingereza walipokuwa bado wanatutawala, gari la sinema la serikali lilikuwa likija Bukoba mara mojamoja kutuonyesha namna ya kunawa mikono na kupogoa mibuni. Baada ya onyesho moja, fundi saa wa mjini, rafiki wa familia yetu, alifika nyumbani Ijuganyondo amenuna.

"Kila sinema inatufundisha," alisema. "Hakuna hata moja ya kutuchekesha. Tutatengeneza yetu."

Kamera alikuwa nayo. Bwana shamba mmoja Mzungu alimpelekea aitengeneze, kisha akahamishwa ghafla, akamwambia abaki nayo. Ilikuwa inatiwa ufunguo kama saa ya ukutani, inatembea kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu mara moja, halafu inasimama mpaka itiwe tena. Mkanda ulikuwa mchache. Kosa likitokea, limetokea.

Kisa alikitunga mwenyewe: mzee tajiri anajifanya amekufa ili ajue nani atamlilia kwa moyo. Mzee huyo angekuwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, aliyenilea mimi. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, ningekuwa binti yake. Mjane, bila shaka, angekuwa mama mdogo. Lakini mama mdogo aligoma.

"Niitwe mjane na mume wangu anapumua? Mnaniitia mkosi?"

Tulimbembeleza siku nzima. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: baba mdogo asivuliwe viatu, ili kifo kikipita hapo kijue ni mchezo. Ndiyo maana katika sinema yetu maiti amefunikwa lubugo, nguo yetu ya magome ya mti, vizuri kabisa, na chini yake vinatokeza viatu vyeusi vilivyopakwa rangi.

Ndani ya nyumba giza lilikuwa zito mno kwa kamera, kwa hiyo maiti tulimlaza uani juu ya nyasi. Hata huko kivuli cha migomba kilimfunika. Fundi saa akamleta jirani ashike bati jipya kumulika uso wa marehemu.

"Mnanikaanga," alisema marehemu.

"Vumilia, mzee. Maiti hatoi jasho."

"Huyu anatoa."

Zamu yangu ya kulia ilipofika niliuliza, "Picha haina sauti. Si nifungue tu mdomo?"

Fundi saa alinitazama kama niliyetukana kazi yake. "Mdomo wa uongo unaonekana, mwalimu. Lia!"

Basi nililia. Mama mdogo, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, alipoanza alilia kupita sisi sote. Nadhani alimkumbuka mama yake. Sauti zetu zilivuka migomba, zikashuka bondeni.

Hatukuwa tumewaambia majirani. Fundi saa alitaka iwe siri, watu wasije kutazama kamera na kupunga mikono.

Wa kwanza kutokea alikuwa mama mmoja mwenye kuni kichwani, anatokwa na machozi. Nyuma yake wakaja wanaume na mikungu ya ndizi, kisha mwinjilisti wetu wa Kilutheri na kitabu cha nyimbo mkononi. Niliinuka niwaeleze. Fundi saa akaninong'oneza kwa ukali, "Kaa chini! Wanalia vizuri sana!" Akatia ufunguo. Mwinjilisti akaanza sala, na baba mdogo, mtu wa kanisa tangu utoto, hakuthubutu kufumbua macho katikati ya sala.

Wakati huo akaja mjomba. Alikuwa kaka yake mama mdogo, wa Muleba, naye siku hiyo alikuwa ameleta kahawa mjini kwa lori, akaipata habari njiani alipokuwa akirudi. Yeye na baba mdogo walikuwa hawasemezani kwa miaka, tangu baba mdogo aliposema mbele ya wageni wa arusi kwamba rubisi ya mjomba, pombe yake ya ndizi, ni maji ya kuoshea mtungi. Mjomba aliwapita watu wote, akapiga magoti kando ya lubugo.

"Mulamu wange! Shemeji yangu! Umeondoka kabla sijasema! Ile rubisi ulisema kweli! Mvua ilinyesha ndani ya mtumbwi wa pombe, nikaona haya kuimwaga!"

Lubugo likatikisika.

"Nilijua!" alisema baba mdogo, akaketi.

Mwenye bati aliliangusha kwa kishindo. Watu waliingia migombani pande zote. Mwinjilisti hakukimbia, lakini alirudi nyuma hatua kwa hatua akiimba. Mjomba alianguka chali na kubaki hapo, akimtazama marehemu akipangusa jasho. Mimi nilimgeukia fundi saa. Alikuwa anaitikisa kamera kwa mikono miwili. Ufunguo ulikuwa umekwisha.

"Mzee," alisihi, "lala tena. Ufufuke upya."

"Atakayelala sasa ni wewe," alisema mama mdogo, akawaita waliokimbia. Walirudi wamekasirika. Lakini ndizi zilikuwa zimeshaletwa na kuni pia, kwa hiyo tukapika. Walikula huku wakitutukana, na kabla jua halijazama walikuwa wanagombania nani alilia vizuri zaidi.

Mkanda ulikwenda Nairobi kusafishwa, ukavuka ziwa kwa meli na kurudi baada ya miezi. Nusu yake ilikuwa nyeupe tupu. Mjomba akataka uonyeshwe kwake Muleba, kwa mashine aliyotuazima padri mmoja. Tulitundika shuka ukutani. Alipojiona amepiga magoti, midomo ikitembea bila sauti, mjomba alisimama mbele ya watu.

"Hapo namkemea! Namwambia, wewe huijui rubisi!"

"Mwongo!" alipiga kelele baba mdogo. "Alikiri! Fundi, weka sauti!"

"Haina sauti, mzee."

Watu wakataka irudiwe. Kila iliporudiwa mjomba alikumbuka tusi jingine alilokuwa akilisema pale magotini, hata betri ya mashine ikaisha watu bado wanacheka.

Asubuhi alitusindikiza kwenye basi na mkungu wa ndizi. "Sinema nyingine," alimwambia fundi saa, "maiti niwe mimi. Nataka kusikia huyu atasema nini."

"Sitasema neno," alijibu baba mdogo dirishani. "Nitalia tu."

Mjomba alicheka, kisha akageuka upesi, akajifanya anakagua gurudumu.