Pumzi Mia Kabla ya Urambo

Nilipomaliza sekondari nilirudi Tabora, nikakaa nyumbani. Nasema nikakaa, wala siombi radhi. Babu yangu alibeba meno ya tembo begani kutoka hapa mpaka pwani, akarudi, akaenda tena. Kwa hesabu zangu ukoo wetu ulikuwa umeshatembea vya kutosha, pamoja na sehemu yangu.

Baba mdogo, fundi cherehani aliyekuwa akitulea mimi na bibi, hakuikubali hesabu hiyo, akaniita mwali, mimi mwanamume mzima.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwali. Leo umetoka nje? Angalia jua lisikuunguze."

Kila siku baada ya swala ya alasiri nilikuwa na uradi alionifundisha bibi. Unakaa kimya, unavuta pumzi kwa jina la Mungu, unaishusha kwa jina hilohilo, unasogeza punje moja ya tasbihi, mpaka mia. Ukisemeshwa ukajibu, unaanza upya. Na aliye kwenye uradi haguswi wala hainuliwi. Kwetu hata walevi walilijua hilo.

Baba mdogo aliona mia ni nyingi mno, akaja kuniwekea saa ya mezani mbele ya mkeka. "Robo saa inatosha," alisema. Nikajaribu kupumua kwa mlio wake: tik, vuta, tik, shusha. Nikaona nyota mchana. Bibi akaichukua saa akaitia kapuni. "Mjukuu wangu, unakimbilia wapi na pumzi zako mwenyewe?"

Basi wakaja Wazungu wa mradi wa kulima karanga kule Urambo, wakitaka makarani wanaojua Kiingereza. Baba mdogo akapeleka jina langu bila kuniuliza. Nikamwambia siendi. Akasema nitaenda, na sanduku langu akalifunga kamba yeye mwenyewe.

Lori lilipofika kunichukua, nilikuwa nimeshapita nusu ya uradi. Dereva akapiga honi. Baba mdogo akalitupia sanduku juu, akaita kutoka barazani:

"Wee! Umefika wapi?"

Mkubwa ameuliza, nami sikulelewa kumnyamazia mkubwa.

"Sitini, baba mdogo."

Nikarudi punje ya kwanza. Vuta, shusha.

"Haya, sasa?"

"Tisa."

"Tisa? Si ulikuwa sitini?"

"Umenisemesha."

Bibi akaangua kicheko uani. "Mwache amalize! Usimwite!"

"Simwiti, mama, namuuliza tu! Wee, umebakiza ngapi?"

"Zote."

Honi ikalia tena, ndefu. Baba mdogo akaja mlangoni, uso umemvimba, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Akanyoosha mkono anishike bega, akaurudisha. Akaunyoosha tena, akaurudisha.

"Inuka, mwanangu," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Watu wanakusubiri."

Nikamtazama machoni. "Siendi, baba mdogo. Hata nikimaliza, siendi. Waambie wasisubiri."

Kisha akatoka, nikamsikia akisema na dereva, na lori likaondoka. Katika hasira zake alisahau kulishusha sanduku, kwa hiyo mashati yangu mawili na suruali ya shule vilikwenda kuanza kazi Urambo bila mimi.

Baba mdogo hakutia neno mpaka magharibi. Nami, kwa kuwa hakuna aliyenisemesha, mia yangu niliimaliza.