Kopo la Chini ya Kitanda

Shangazi yangu Tekla aliitwa mchawi mbele ya mume ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimlisha kwa kijiko.

Kaeni vizuri. Haya ni ya Iyunga, Mbeya, miaka ya hamsini.

Mumewe, Saulo, seremala wa Kinyakyusa, alikuwa na ugonjwa wa figo. Uso umemvimba, miguu imemvimba. Daktari wa misheni akasema, "Chumvi ya dukani marufuku."

Tekla, binti wa Kihehe kutoka Iringa, akatii. Maharage bila chumvi, mboga bila chumvi. Na yeye akala hivyo hivyo, mwenzake asijione mpweke.

Uvimbe ukapungua. Halafu mambo yakageuka.

Miguu ya Saulo ikalegea, hata kuinuka kitini ikawa kazi. Moyo ukawa unadunda, unasita, unadunda tena.

Majirani wakajaa. Wifi yake, Tusekile, akachomoa kopo chini ya kitanda. Ndani, unga wa kijivu.

"Mchawi wewe! Umemwekea nini kaka yangu?"

"Wifi, hilo kopo silijui!"

Tekla akamgeukia mumewe. "Baba Evarista, wewe unanijua. Sema neno moja tu."

Saulo akatazama ukutani. "Mimi nakula ninachopewa."

Jamani! Bora angempiga.

Tekla akafukuzwa jikoni, wifi akashika mwiko. Hazikupita siku nyingi, Saulo akazimia. Wakambeba hospitali, na kopo lao kama ushahidi.

Daktari akaonja kidogo. "Nani katengeneza?"

Tusekile akaangua kilio. "Mimi. Ni chumvi yetu ya majivu ya maganda ya ndizi. Kaka aliniomba. Alisema iliyokatazwa ni ya dukani. Akawa anajinyunyizia kwenye chakula Mama Evarista akienda kisimani. Nilipoona amezidiwa niliogopa, nikamtwisha wifi."

Daktari akashika kichwa. "Majivu hayo yamejaa potasiamu. Figo zikichoka haziwezi kuitoa, inabaki kwenye damu, inalegeza misuli na kuusimamisha moyo. Chumvi hiyo basi. Ndizi na viazi, punguzeni. Mboga ichemsheni, maji yake mwageni."

Kumbe Saulo alijua tangu mwanzo!

Tekla akarudi jikoni. Akachemsha, akamwaga maji, akamlisha mpaka akatembea mwenyewe. Kisha akajifunga kanga, akamshika mtoto wao Evarista mkono, akaenda kupanda basi la Iringa.

"Mama Evarista, nisamehe," Saulo akalia.

"Nimekusamehe. Ila nilikuomba neno moja tu."

Mwenye figo, usiguse chumvi ya aina yoyote kabla ya kumuuliza daktari, hata iwe ya bibi yako. Na kopo lako ni lako, usimtwishe mkeo.