Susa ya Mama Hadi Nairobi

Wengi wa wale walioapa kwamba sitafika Nairobi wamekwisha kufa, Mungu awarehemu, na mimi bado ninatafuna nyama kwa meno yangu mwenyewe. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, tukikaa nje kidogo ya Garissa. Nilikuwa nimeachika na kurudi kwa baba. Watu walisema mume wangu aliniacha. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemwacha, yeye alitamka talaka tu. Siku moja ya kuhama, mama alianguka akipakia mizigo juu ya ngamia, nyonga ikavunjika, na gari la serikali likampeleka hospitali Nairobi. Habari zake tuliletewa na dereva wa lori la ngozi aliyepita kumjulia hali. Mama hali chakula, alisema. Nyama haamini imechinjwaje, na maziwa ya ng'ombe anayopewa anayanusa na kuyarudisha. Amebaki macho tu. Akiendelea hivyo, mtaletewa maiti.

Baba akawaita ndugu zake. Wakakaa kivulini, chai ikapikwa, ikanywewa, ikapikwa tena. Siku zile mtu wa kwetu hakuruhusiwa kuvuka mto Tana bila kibali cha serikali, lakini kibali kilikuwa kimekwisha tolewa, cha jamaa mmoja wa mgonjwa. Jamaa huyo alitakiwa kuwa baba. Leo goti linamuuma, kesho kuna kesi ya kisima, kesho kutwa ataona.

"Aabo," nilimwambia baba, "hata mimi ni jamaa wa mgonjwa."

"Aabo," alinijibu, maana kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa yeye, "mwanamke hasafiri peke yake. Tutaamua sisi."

"Mkimaliza kuamua, mtakuwa mnaamua mahali pa kuchimba kaburi."

Akanirushia kiatu. Hakikunipata.

Nilijua mama anataka nini. Alitaka susa, maziwa ya ngamia yaliyochacha ndani ya dhiil, kile chombo chetu cha mizizi iliyosukwa, kinachofukizwa kwa vijinga vya moto mpaka ndani kinukie moshi. Maziwa ya namna hiyo hukaa siku nyingi, yakizidi tu kuwa makali. Dhiil ilikuwepo, ya mama mwenyewe. Tabu ilikuwa maziwa. Kaka zangu walikuwa mbali na kundi, upande wa Wajir, na nyumbani alibaki ngamia mmoja wa maziwa, aliyekamwa na baba. Nilimwomba maziwa hayo akakataa, kwa kuwa kunipa ingekuwa sawa na kuniruhusu.

Kwetu mwanamke humpakia ngamia, humwongoza, na nyumba anayoibeba ngamia mgongoni ni mwanamke aliyeijenga. Lakini hamkami. Mbuzi sawa, ng'ombe sawa, ngamia ni mwiko. Husemwa kwamba mkono wa mwanamke humkausha na kuondoa baraka katika kundi zima. Nilipokuwa mtoto niliwahi kushika chuchu ya ngamia kwa udadisi tu, na aliyenichapa hakuwa baba. Alikuwa mama, kwa fimbo, hata usiku ule nikalala kifudifudi. Mama hakuwa mtu wa kuchezea miiko.

Basi nilimkama asubuhi kweupe, baba akiwa bado msikitini anazungumza na wenzake. Nilimwacha ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, nikasimama kwa mguu mmoja, goti la pili nikaliinua na kuweka chombo pajani, kama nilivyowaona wanaume wakifanya maisha yangu yote. Ngamia aligeuza shingo akanitazama.

"Nini?" nikamwambia. "Hujawahi kuona mikono?"

Maziwa yalitoka yenye povu, meupe vile vile, na hakuna radi iliyonipiga. Baba aliporudi akakuta kiwele kitupu, mimi nilikuwa nimekwisha kuvuka mto juu ya lori la ngozi, chombo nimekifunga kifuani kwa shuka, kibali nimekitoa sandukuni mwake. Kilikuwa cha jamaa wa mgonjwa, na jamaa ndiye mimi.

Sitaisifu safari. Ngozi zilinuka, jua lilichoma, na wasafiri wawili waliokuwa juu pamoja nami walitaka kujua mume wangu yuko wapi. Niliwaambia yuko mbele anatungojea, ana hasira. Hawakuuliza tena.

Karibu na Thika tulisimamishwa kwenye kizuizi. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari na askari walipekua kila kitu. Mmoja akaniamuru nifungue chombo. Kwa joto na mtikisiko, susa ilikuwa imechacha sawasawa. Nilipolegeza kifuniko ilifoka, na povu likamrukia shati.

"Pombe!" akapaza sauti.

Kiswahili changu cha siku hizo kilikuwa cha sokoni, lakini kilinitosha. "Bombe? Wallahi, mimi Mwislamu! Hii masiwa ya ngamia. Mama yangu iko hosbitali, mimi nabeleka yeye."

"Maziwa gani haya yanapiga kelele?"

"Masiwa yenu nanyamasa sababu imekufa!"

Wenzake wakacheka, na hilo likamuudhi zaidi. Akashika chombo amwage. Nikakikumbatia kwa mikono miwili na kumwambia amwage mimi kwanza. Dereva alikuwa ananikonyeza ninyamaze. Nikatia pamba masikioni. Nilimimina kidogo kwenye kifuniko, nikanywa, nikamimina tena, nikamwelekezea mdomoni. "Kunywa. Kama iko bombe, funga mimi." Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akakunja uso mpaka macho yakapotea. Tukaruhusiwa kupita.

Nairobi dereva alinishusha kando ya barabara pana na kunionyesha upande wa hospitali. Sasa, kwetu ukikutana na mtu njiani lazima mpeane habari: ametoka wapi, mvua imenyesha wapi, kisima gani kina maji. Ukipita kimya utadhaniwa adui. Nikamsalimia bwana mmoja mwenye tai na kumuuliza kama kwao kumenyesha, akaongeza mwendo. Nikamuuliza mama mwenye kikapu, akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwendea askari aliyesimama katikati ya njia akiyaelekeza magari kwa mikono, nikamtolea salamu kamili, na yeye akanipigia filimbi. Nikasema moyoni, mji mzima umejaa watu na hakuna anayejua mvua imenyesha wapi. Hapa aliyepotea si mimi.

Hospitali niliipata kwa kuuliza, na nilipoulizia njia nilidai jibu. Mlangoni pa wodi nesi alinizuia: saa ya kuwaona wagonjwa imepita, na chakula cha nje hakiruhusiwi. Nikaketi chini mlangoni, chombo mapajani. Akaniambia ataniitia bawabu. Nikamwambia amwite, na akija aje na wenzake, maana mimi ni mzito. Nesi akakitazama chombo. Alikuwa amechoka, na nadhani alikuwa amechoka zaidi kumbembeleza mama yangu. "Wewe ni wa yule bibi asiyekula?" akauliza. "Ingia basi. Mtu huyu anatufia mikononi."

Mama alikuwa amebaki mifupa chini ya blanketi. Nilitaka kulia, nikakataa.

"Hooyo," nikamwita.

Akafungua macho. "Hooyo. Umekuja na nani?"

"Na dhiil yako."

Harufu ya moshi ilimfikia kabla sijamimina, nikaona pua yake inacheza. Nilimjazia kikombe, nikamwinua kichwa. Akakishika mwenyewe, akakileta mpaka mdomoni, kisha akasita. "Kaka zako wamerudi?"

"Bado."

"Na baba yako alikataa usije."

"Alikataa."

"Nani alikama?"

Ningeweza kutaja jirani yeyote. Lakini sikuwa nimekuja hadi Nairobi kujificha nyuma ya jina la mwanamume. "Mimi," nikasema.

Hapo niliogopa. Askari sikumwogopa, wala jiji, lakini pale niliogopa, kwa sababu nilimjua mama. Angeweza kufa kwa ajili ya mwiko na kuona amefanya vyema.

"Chombo ulikiweka paja gani?"

"La kushoto."

"Ngamia akakupiga teke?"

"Hapana, Hooyo."

"Maziwa yalikatika?"

"Yalitoka mpaka mwisho."

Akaitazama mikono yangu. "Basi wametudanganya miaka yote hii," akasema, na akanywa. Alimaliza kikombe, akataka kingine, na baada ya hicho akalalamika kwamba chombo sikukifukiza vya kutosha. Ndipo nikalia. Susa ilipokwisha alikuwa ameanza kukubali uji na mayai, akimkaripia nesi kwa Kisomali.

Nilirudi peke yangu kama nilivyokwenda. Baba hakusema nami. Kiangazi kilipopunguza maziwa ya ngamia wa eneo zima, wa kwetu tu ndiye aliyesemwa kuwa amekaushwa na mkono wangu. Wajomba na baba zangu wadogo walikuwa wanashauriana jinsi ya kuniozesha mtu wa mbali. Niliwaacha washauriane.

Mama alirudi akitembea kwa fimbo. Jioni ile ile wanaume walikuja kumpa pole, wakajaa mbele ya nyumba, na saa ya kukama ikafika. Mama akaomba dhiil yake. Baba akanyoosha mkono kuipokea, kama kawaida ya kila jioni. Mama akaupita mkono ule na kunikabidhi mimi.

"Nenda ukame," akasema.

Baba mdogo mmoja aliinuka akaondoka. Wengine walibaki, wakinitazama nimesimama kwa mguu mmoja ubavuni mwa ngamia. Kikombe cha kwanza ni haki ya mwenye nyumba, kwa hiyo nilimpelekea baba. Alikishika asikinywe, uso ameuinamisha.

"Kunywa," mama akamwambia. "Hayo ndiyo yaliyonirudisha kwako."

Baba akanywa.